William Willett, mjenzi aliyesogeza saa za dunia hadi usingizi ukanipotea Kiirua

Hebu nikuulize, wewe unayesoma hii kwa simu. Ukiamka saa tisa usiku na usingizi ukakataa kurudi, huwa unamlaumu nani? Mimi wangu nimempata. Ni Mwingereza, alikufa mwaka 1915, na wala hakuwahi kusikia mahali panapoitwa Kiirua.

Ndiyo, nakuandikia nikiwa Kiirua, huku Buuri, kaunti ya Meru. Nikiulizwa nasema nimekuja kwa shosho kupumzika. Ukweli ni kwamba kodi ya keja Nairobi imenishinda. Niliacha chuo mwaka wa pili, stori hiyo tuiache kwa leo, na tangu Novemba nimekuwa nikifanya kazi ya mtandaoni ya kujibu maswali ya wateja wa kampuni moja ya Marekani. Shifti yangu ilianza saa sita usiku ikaisha saa mbili asubuhi. Huko kwao, New York, ilikuwa saa kumi jioni hadi saa sita usiku. Nilizoea. Macho yalikuwa mekundu kama ya dereva wa miraa, lakini nilizoea.

Halafu ikafika Jumapili ya pili ya Machi. Nikaingia kazini saa sita kasoro dakika tano, chai ya tangawizi mkononi, nikajiona mtu wa maana kwa kuwahi. Kumbe nimechelewa dakika 55. Wamarekani walikuwa wamesogeza saa zao mbele siku hiyo hiyo, kama wanavyofanya kila mwaka, na saa kumi yao jioni ikawa imeangukia saa tano yangu usiku. Wanasema walituma ujumbe. Sikuuona. Kufikia Jumatano akaunti ilikuwa imefungwa, na sikulipwa hata ile wiki niliyokuwa nimeshafanya.

Nikapanda gari la Meru. Sasa niko hapa, sina shifti, lakini mwili wangu haujapata habari. Saa sita usiku ukigonga macho yanafunguka yenyewe. Nasikiliza mbwa wa jirani, nasikiliza ng'ombe wakitafuna, baridi ya Mlima Kenya inapenya kwenye mbao. Usiku wa tatu nikaamua kwamba kama silali, basi angalau nijue ni nani aliyeleta huu ujinga wa kusogeza saa. Bando ya usiku ni rahisi.

Jina lake ni William Willett.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1856 huko Farnham, kaunti ya Surrey, Uingereza. Baba yake alikuwa mjenzi. Kijana alisoma shule London, hakupita chuo kikuu (nimelitilia alama hilo, usiniulize kwa nini), akapata uzoefu kidogo wa biashara kisha akajiunga na baba yake. Wawili hao wakajenga nyumba za wenye pesa katika mitaa ya London kama Chelsea, na kule Hove pwani ya kusini. Walikuwa mafundi kweli. Ilifika mahali mtu akitaka kuuza nyumba alisema tu kwamba imejengwa na akina Willett, na mnunuzi akaelewa kwamba kuta hazitapasuka.

Kwa hivyo usimfikirie kama msomi aliyekaa maktabani akiota. Huyu alikuwa mtu wa mawe, mbao na vibarua, mtu anayejua kwamba siku ina mwanga wa kiasi fulani na ukiisha, kazi imeisha. Alipopata mali alihamia Chislehurst, kusini mashariki mwa London, mahali penye miti na viwanja. Alipenda gofu. Alipenda farasi. Na alikuwa na tabia ambayo wewe na mimi hatuna: aliamka mapema kwa hiari yake, akapanda farasi na kuzunguka kwenye msitu wa jirani unaoitwa Petts Wood kabla ya kifungua kinywa.

Hapa nikupeleke Uingereza kidogo, maana usipoelewa jua lao hutamwelewa mtu huyu. Sisi huku jua ni kama mwalimu mkuu wa zamani, halichelewi wala haliwahi kupita kiasi. Kiirua iko karibu kabisa na ikweta, ule mstari ambao watalii hupigia picha pale Nanyuki, na mchana wetu ni kama saa 12 na dakika chache, Januari hadi Desemba. Kule London jua halina adabu hata kidogo. Mwezi Desemba linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mwezi Juni, kama hujagusa saa, linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri na kukaa hadi saa mbili usiku na ushee.

Sasa mwone Willett juu ya farasi asubuhi ya majira ya joto, mwaka 1905. Jua limeshapanda. Ndege wameimba wamechoka. Anapita kwenye nyumba moja baada ya nyingine na mapazia yote yamefungwa. Watu wamelala fofofo wakati mwanga bora wa siku unamwagika bure nje ya madirisha yao. Na jioni watu hao hao watawasha taa, watalipia gesi, na wanaotoka kazini hawatapata nafasi ya kucheza, kwa sababu giza limewahi. Inasemekana pia kwamba ilimkera kukatiza gofu yake giza likiingia. Namwamini. Mambo mengi makubwa yameanza na mtu kukerwa na kitu kidogo.

Hakuwa wa kwanza kuliwaza jambo hilo. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1895, George Hudson wa New Zealand alipendekeza saa zisogezwe kwa masaa mawili. Hudson alifanya kazi ya shifti posta, na baada ya kazi alikamata wadudu wa kuchunguza, kwa hiyo alitaka mwanga wa jioni. Mtu wa shifti mwenzangu! Lakini Hudson alisoma hoja yake mbele ya wataalamu wenzake, wakamcheka, na mambo yakaishia hapo. Willett naye hakuwa mtu wa kuachia hapo.

Mwaka 1907 alichapisha kijitabu kwa pesa zake, kuhusu jinsi mwanga wa mchana unavyopotezwa. Mpango wake haukuwa wa saa moja kwa mkupuo kama wa leo. Alitaka saa zisogezwe mbele dakika 20 kila Jumapili, Jumapili nne za Aprili, jumla dakika 80. Kisha Septemba zirudishwe nyuma vivyo hivyo, dakika 20 Jumapili nne. Alikuwa amewaza: dakika 20 mwili wa mtu hauzisikii. Alipiga hesabu kwamba taifa lingeokoa pauni milioni 2.5 kila mwaka kwa taa pekee.

Nataka utulie hapo kwenye dakika 20. Kama dunia ingefuata mpango wa mwenyewe, mimi ningechelewa dakika 15 tu Jumapili ile. Dakika 15 unasingizia stima.

Februari 1908 mbunge mmoja, Robert Pearce, akapeleka mswada Bungeni. Kamati ikaundwa, mashahidi wakaitwa. Na hapo ndipo Willett alipojua kwamba kuwaambia watu waamke mapema ni kazi ngumu kuliko kujenga ghorofa. Wakulima walikataa. Ng'ombe hasomi saa, walisema, na nyasi za kukausha haziguswi umande ukiwa bado juu yake, kwa hiyo vibarua wangefika shambani kwa saa mpya na kukaa wakisubiri jua la saa ya zamani. Wenye kumbi za maigizo walikataa, kwa sababu nani ataingia ndani kutazama mchezo na nje bado kweupe? Wataalamu wa nyota wakasema saa ni kipimo, na kipimo hakichezewi. Magazeti yakapata kichekesho cha mwaka.

Hoja iliyomuuma zaidi nadhani ilikuwa ile rahisi: kama unataka watu waamke mapema, waambie waamke mapema, mbona uiguse saa?

Shosho wangu, nilipomweleza habari hii akikamua, aliuliza swali lilo hilo, bila kujua kwamba Bunge la Uingereza lilishalijadili. Alitaka kujua kama huyo mzungu hakuwa na watoto wa kuwaamsha, mpaka akaamua kuamsha ya wenyewe.

Jibu la Willett, ukilifikiria, si la kijinga. Mtu mmoja akiamka mapema peke yake, duka bado limefungwa, treni haijaanza, bosi hajafika. Saa ni makubaliano. Ukitaka watu milioni 40 waamke pamoja bila mtu kuona amelazimishwa, sogeza makubaliano yenyewe. Ni ujanja, lakini ni ujanja wa mtu aliyeelewa watu. Alipata marafiki wakubwa pia, akiwemo Winston Churchill, wakati huo waziri kijana, aliyeutetea mpango huo hadharani.

Mswada ukafa. Ukarudishwa mwaka 1909, ukafa tena. Ukaendelea kurudishwa na kufa. Willett akawa anaandika barua, anachapisha toleo jipya la kijitabu, analipia tafsiri za lugha nyingine, anazunguka kwenye mikutano. Miaka saba, minane, kwa pesa yake, huku akiendesha kampuni mchana. Wewe umeshawahi kushikilia wazo moja kwa miaka minane na kila mtu anakucheka? Mimi nilishindwa na kozi ya miaka minne.

Tarehe 4 Machi 1915, akiwa na miaka 58, homa ya influenza ikamuua nyumbani kwake Chislehurst. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeshaanza. Saa za Uingereza zilikuwa pale pale zilipokuwa siku aliyoanza kupiga kelele.

Mwaka mmoja na karibu miezi miwili baadaye mambo yakageuka, tena kutoka upande ambao asingeutarajia. Ujerumani, adui, ilihitaji kuokoa makaa ya mawe kwa ajili ya vita. Usiku wa tarehe 30 Aprili 1916 ikasogeza saa zake mbele kwa saa moja, pamoja na mshirika wake Austria-Hungary. Waingereza kuona hivyo, Bunge lililokuwa limekataa miaka yote hiyo likapitisha sheria kwa siku chache tu. Tarehe 21 Mei 1916, Jumapili, saa za Uingereza zikaenda mbele. Saa moja nzima, si dakika 20 mara nne. Wazo alilolianzisha ili watu wapate jioni ya kucheza lilipita kwa sababu ya bunduki.

Nilipofika hapo ilikuwa saa kumi usiku na betri imebaki asilimia 9. Nilidhani stori imeisha. Nikajiambia, sawa, huyu ndiye aliyenipotezea kazi, lakini angalau Kenya haijawahi kuwa na upuuzi huu. Sisi ni watu wa ikweta. Tena sisi Waswahili wa kuazima, hata sisi Wameru tunaokiongea Kiswahili kwa lafudhi ya mlimani, tunahesabu saa vizuri kuliko Wazungu: jua likishatoka ikapita saa moja, ni saa moja. Siku inaanza watu wakiona, si katikati ya giza. Ukimpa Willett saa ya Kiswahili mwaka 1905, nadhani angerudi nyumbani akanywa chai yake kwa amani.

Kesho yake nikaendelea kusoma. Bana, Kenya imesogeza saa mara nne baada ya kuziweka.

Kwanza, ilikuwa Mei 1908, mwaka ule ule mswada wa Willett ulipoingia Bungeni London, ndipo serikali ya kikoloni ilipoweka saa moja rasmi hapa: dakika 150 mbele ya Greenwich. Kabla ya hapo kila mahali palikuwa na mchana wake. Mwisho wa Juni 1928 wakasogeza mbele nusu saa, zikawa dakika 180. Mapema Januari 1930 wakabadili mawazo, wakarudi 150. Mwaka 1937 ulipoanza wakachukua ya katikati, dakika 165, robo saa mbele, kama watu waliopatana bei sokoni Kiirua. Na Agosti 1942, katikati ya Vita vya Pili, wakaenda tena 180. Hapo ndipo tulipo hadi leo, mimi na wewe, tukiiita saa ya Afrika Mashariki kana kwamba ilishuka na mlima.

Sasa fanya hesabu nami, si ngumu. Dunia inajizungusha digrii 15 kila saa, yaani digrii moja kwa dakika 4. Kiirua iko digrii 37 na nusu na kidogo mashariki ya Greenwich. Zidisha kwa 4. Unapata dakika 150 na kidogo. Maana yake ile saa ya kwanza ya 1908 ilikuwa saa ya jua la huku kwetu karibu sawasawa. Nairobi ilikuwa na tofauti ya dakika tatu hivi. Na saa tunayotumia leo iko mbele ya jua la Kiirua kwa nusu saa, mwaka mzima, bila kurudi nyuma.

Sikuamini mpaka nikatoka nje. Ilikuwa siku ile ya kuelekea Machi 20, wakati jua huku linapita juu ya utosi kabisa. Nikasimama karibu na nguzo ya ua wa shosho nikiwa na simu. Saa sita kamili kivuli bado kilikuwepo, kimelala upande wa magharibi. Saa sita na nusu kimebaki kipande. Ilipofika saa sita na dakika 30 na kitu, karibu 40, nguzo ikameza kivuli chake chote, ukiangalia chini huoni kitu. Hiyo ndiyo saa sita ya kweli ya Kiirua. Shosho alipita na ndoo akaniangalia vile mtu huangaliwa anapoanza kuwa mgonjwa.

Ndiyo maana mwezi huu wa Machi ukiamka huku saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua ndiyo kwanza linajitokeza. Novemba ni mapema zaidi, saa kumi na mbili na dakika kumi hivi. Kwa hiyo mtoto wa shule anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa saa ya simu, kwa jua la hapa ametoka saa kumi na nusu. Tunaishi ndani ya dawa ya Willett, dozi ndogo, na hakuna aliyetuuliza.

Kuna mtu mwingine aliyeishi nusu saa mbele, na hadhi yake ni kubwa kidogo kuliko yetu. Mfalme Edward wa Saba alikuwa na shamba lake Sandringham, na saa zote za pale aliagiza ziwe nusu saa mbele ya Uingereza nzima, ili apate mwanga zaidi wa kuwinda majira ya baridi. Hali hiyo iliendelea hadi 1936, mjukuu wake alipoifuta. Kwa hiyo ukiona umechoka asubuhi, jiambie unafuata ratiba ya kifalme.

Lakini nimekuahidi habari ya usingizi, na hapa lazima nikuletee binamu yangu. Yeye ndiye anayebeba maziwa ya shosho na ya majirani watatu kwa pikipiki. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, kila siku, Krismasi ikiwemo. Na ni shabiki wa mpira, ule ugonjwa wenyewe.

Mwangalie anavyoishi. Septemba na Oktoba mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinaanza saa nne usiku kwetu. Zinaisha kabla ya saa sita, anarudi kutoka kwenye ukumbi wa video pale sokoni, analala masaa matano. Si mazuri, lakini ni masaa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ulaya wanarudisha saa nyuma. Wao wanapata saa moja zaidi ya kulala. Binamu yangu anaipoteza. Kuanzia hapo mechi ni saa tano usiku, kuisha ni karibu saa saba, na ikienda muda wa nyongeza na penalti usiniulize. Mechi za Jumamosi za Uingereza zilizokuwa saa kumi na moja jioni zinasogea hadi saa kumi na mbili, saa ya kukamua. Miezi mitano anaishi hivyo. Hakuna aliyegusa saa yake, jua la Kiirua halijasonga, lakini usiku wake umesogezwa na watu walio mbali naye kilomita maelfu.

Februari alianguka na pikipiki, usingizi ulimchukua kwenye kona. Alfajiri, barabara tupu, mtungi mzima wa maziwa ukamwagika na kifundo cha mguu kikavimba wiki mbili. Mechi ya usiku uliotangulia ilikuwa imeisha saa saba.

Hata huko kwenyewe wanaumia. Mwaka 2008 watafiti wa Uswidi walipitia rekodi za mshtuko wa moyo za miaka mingi wakaona kwamba wiki ya kwanza baada ya saa kusogezwa mbele visa vinapanda kwa kama asilimia 5. Ni saa moja tu ya usingizi imekatwa, mara moja. Mwili una saa yake ya ndani, unaipanga kwa mwanga unaoingia machoni, na hauna habari na sheria za Bunge. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura kuachana na mabadiliko haya kuanzia 2021. Nchi hazikukubaliana zibaki na saa ipi, na hadi leo wanasogeza. Barani Afrika, Misri ilikuwa imeacha, ikarudia mwaka 2023.

Turudi kwa Willett. Ndani ya Petts Wood, msitu ule ule wa asubuhi zake, walimjengea mnara wenye saa ya jua mwaka 1927. Jambo moja limenifurahisha: ile saa ya jua imechorwa kwa saa ya majira ya joto. Inasoma vile Willett alivyotaka, na majira ya baridi yakija inakuwa imekosea mpaka Machi. Kuna baa karibu iliyopewa jina la mwanga wa mchana kwa heshima yake. Na kama unapenda muziki wa Coldplay, mwimbaji wao Chris Martin ni kilembwe wa Willett. Kuna wimbo wao maarufu unaoitwa Clocks, yaani saa. Damu ni damu.

Nimejaribu kumchukia na nimeshindwa. Aliyefunga akaunti yangu si yeye. Kitu alichotaka ni mtu aliyetoka kazini apate jioni yenye mwanga, na alikilipia mfukoni mwake hadi akafa. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alifikiria mitaa yake tu. Wazo alilipima kwa madirisha ya Chislehurst. Mwaka 1907 nani angejua kwamba siku moja kijana wa Kiirua atafanya kazi ndani ya jioni ya New York, na mwingine atalala kwa ratiba ya uwanja wa Madrid?

Nimeanza kulala, kidogo kidogo. Nimeiba njia ya mzee mwenyewe: kila usiku napanda kitandani dakika 20 mapema kuliko jana. Jana nilishika usingizi saa saba. Asubuhi shosho ananiamsha nishike ndama wakati anakamua, na mwanga wa mlimani unanipiga usoni moja kwa moja, hiyo nayo inasaidia.

Jumapili ya mwisho ya Machi ndiyo hii inakuja, Ulaya wanasogeza saa mbele. Nilimweleza binamu yangu yote, Willett, farasi, mswada, Wajerumani, kivuli cha nguzo. Alinisikiliza huku akifunga mitungi kwenye pikipiki, mguu bado anauburuta kidogo. Alipomaliza aliniuliza kitu kimoja tu, kama basi robo fainali za Aprili zitakuwa saa nne usiku. Nikamwambia ndiyo, saa nne. Akawasha pikipiki akaenda.